Pampu ya Joto ya Ghorofa ya Tatu

Je, ukimgongea jirani yako mzee mlango, ukamuuliza, "U mzima?", naye akakujibu kutoka ndani, "Mzima," wewe unaondoka au unaingia?

Ghislaine aliondoka. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana mambo hayakuanzia mlangoni. Yalianzia ukutani, kwenye tundu moja lililotobolewa vibaya.

Ghislaine Pelchat na dada yake Rolande waliishi Montreal, katika fleti ya ghorofa ya tatu. Ilikuwa ya juu kabisa, chini ya paa bapa la lami. Ghislaine alikuwa na miaka sabini na moja. Rolande alikuwa na sabini na tisa. Wote wawili walishona makoti ya manyoya kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na fleti ile waliinunua pamoja. Jengo lilikuwa la matofali mekundu, lenye fleti sita. Kila fleti ilikuwa na mwenyewe. Lakini kuta za nje, paa na ngazi zilikuwa mali ya wote sita. Likumbuke hilo.

Rolande ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alichoma mkate, akaupaka siagi ya karanga mpaka kingoni, akaukata pembe tatu. Kisha alimeza vidonge vyake vitatu: cha moyo, cha presha, na cha kupunguza maji mwilini.

Kila siku saa kumi jioni alikuja Bwana Anselme Courchesne, jirani wa mlango unaotazamana na wao. Alikuwa mjane wa miaka themanini na tatu. Maisha yake yote aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Walicheza karata, watatu, mpaka wakati wa kupika.

"Dada Rolande, umeficha kopa tena," Anselme alisema.

"Sijaficha. Nimelitunza."

"Ukifa tutakuzika nalo."

"Wewe ndiye mkubwa. Tangulia."

Basi walicheka.

Rolande alikuwa na tabia moja. Hakuomba kitu. Ukimuuliza, "Dada, unataka chai au kahawa?" alijibu, "Chochote kilichopo." Ukimuuliza, "Dirisha nifunge au niache?" alijibu, "Upendavyo wewe." Kwao walizaliwa watoto kumi na mmoja. Kwenye meza ile, mtoto aliyeomba aliitwa msumbufu, na Rolande alikuwa binti wa kwanza.

Majira ya baridi hayakuwatisha. Walikuwa na vipasha joto vya umeme chini ya kila dirisha. Tabu ilikuwa kiangazi. Lami ya paa ilinyonya jua mchana kutwa, na usiku ikalirudisha ndani. Madirisha yao yalifunguka kwa mkono wa kuzungusha, yakatoka nje kama mlango. Vile viyoyozi vidogo vya kubana dirishani havikukaa. Kilichowafaa ni pampu ya joto ya ukutani. Mashine hiyo ina maboksi mawili. Moja hukaa ndani, juu ukutani. La pili hukaa nje. Kiangazi huchukua joto la ndani na kulitupa nje. Baridi ikija, hufanya kinyume chake.

Mwezi wa Mei, Ghislaine aliiona dukani ikiwa imepunguzwa bei. Akainunua. Kisha akafanya kosa ambalo watu wa kwetu tunalifanya tangu enzi. Kabla ya kumwita fundi, alimwita shemeji.

Réal alikuwa mume wa mdogo wao aliyefariki. Alikuwa na mkanda wa kutundikia nyundo, na maneno mengi.

"Fundi wa nini?" alisema. "Watu wa leseni wanakulipisha jina. Niachieni Jumamosi moja, na kreti ya bia."

"Na kamati ya jengo, shemeji?" Ghislaine aliuliza. "Si lazima tuiombe?"

"Roshani ni yenu au si yenu?"

"Yetu."

"Basi!"

"Lakini ukuta..."

"Ukuta una pande mbili. Upande wa ndani ni wenu. Mimi nitatobolea ndani."

Wakacheka wote. Rolande naye alicheka. Ghislaine alimgeukia. "Wewe unaonaje, dada?"

"Upendavyo wewe."

Jumamosi ile Réal alitoboa. Tundu lake liliinamia ndani, badala ya kuinamia nje. Boksi la nje alilikaza kwa skrubu kwenye matofali, juu ya dirisha la chumba cha kulala cha Bwana Goyette wa ghorofa ya pili. Bomba la kutoa maji aliliacha likining'inia ukingoni mwa roshani. Waya aliuunga kwenye waya wa jiko la umeme. Jioni ile Ghislaine alipowasha jiko kuoka pai ya nyama, fleti nzima iliingia giza.

"Ni kawaida," Réal alisema gizani. "Mashine inazoea."

Walipata ubaridi kwa siku tisa. Siku ya kumi, Bwana Goyette aligonga. Normand Goyette ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wenye fleti. Alikuwa mtu wa haki, ila mkavu.

"Bibi Ghislaine, kitanda changu kinatetemeka kama behewa la treni."

"Samahani sana, Bwana Goyette."

"Maji yenu yanadondokea miche yangu ya nyanya. Hilo nimesamehe. Sasa njoo uone dari."

Ghislaine alishuka. Kwenye dari ya Goyette kulikuwa na doa la kahawia, pana kama sinia. Maji yalikuwa yakirudi kwenye lile tundu lililoinamia ndani, yakashuka katikati ya ukuta. Goyette alibonyeza dari kwa kidole. Kidole kikazama.

Barua ya kamati ilikuja. Mashine iondolewe ndani ya siku kumi, maana imefungwa kwenye ukuta wa wote bila ruhusa. Réal aliiondoa, akanuna, akaziba tundu kwa povu na tambara. Maboksi yalirudi sebuleni. Rolande aliyafunika kwa kitambaa cha meza, akaweka juu yake chungu cha maua. Ungeyaona ungedhani ni samani.

Ghislaine alipiga simu kwa mafundi wa leseni. Wa kwanza alimwambia, "Mama, kwanza leta barua ya ruhusa." Wa pili alimwambia, "Mama, nina orodha mpaka Septemba." Wa tatu hakupokea. Tena likizo ya wajenzi ilikuwa inakaribia. Unajua jinsi inavyokuwa. Wiki mbili za mwisho za Julai, mkoa mzima unaweka nyundo chini. Mafundi wamekwenda kupiga kambi. Goyette alikwenda ufukweni na wanawe. Mkutano wa wenye fleti usingeweza kuitishwa mpaka warudi.

Joto lilikuja Jumamosi ya kwanza ya likizo.

Digrii thelathini na nne, na unyevu juu yake. Usiku halikushuka. Godoro lilikuwa la moto kama limepigwa pasi. Ghislaine alifungua madirisha, akafunga mapazia, akawasha feni. Feni ilisukuma hewa ya moto kutoka upande huu kwenda upande ule.

"Dada, joto limekuzidi?"

"Niko sawa."

"Twende maktaba, kuna ubaridi."

"Ngazi zile zote? Usihangaike. Niko sawa."

Karata zilisimama. Jumanne mchana Ghislaine alitoka kununua mfuko wa barafu. Alipopanda, alisimama mlangoni kwa Anselme. Barafu ilikuwa inayeyuka na kudondoka kwenye viatu vyake.

"Bwana Anselme! U mzima?"

Sauti ilikuja kutoka ndani, taratibu. "Mzima."

"Maji unayo?"

"Ninayo. Nimeona mabaya kuliko haya. Kajitunzeni nyinyi wanawake."

Ghislaine alicheka, akaingia kwake na barafu yake.

Jumatano saa kumi alimgongea tena. Hakuna jibu. Aliweka sikio mlangoni. Alisikia feni tu. Aliwaita zimamoto, wakaja wawili, wakafungua mlango kwa nguvu.

Anselme alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa suruali nzito na soksi. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Feni ilikuwa inazunguka na kumpulizia usoni, na nywele zake nyeupe zilikuwa zinacheza. Mezani palikuwa na glasi ya maji, imejaa, na karata zimegawanywa mafungu matatu.

Kijana wa zimamoto aliizima feni.

Ghislaine alirudi kwake, akiwa hajui atamwambiaje dada yake. Hakupata nafasi ya kumwambia. Rolande alikuwa amesimama jikoni amevaa koti la baridi.

"Mama amesharudi?" Rolande aliuliza.

"Mama gani, dada?"

"Asinikute bado sijawaogesha watoto."

Ghislaine alimshika mkono. Ngozi ilikuwa kavu, ya moto, kama bati la jiko. Aliita gari la wagonjwa. Sauti ya simu ilimwelekeza, naye akafuata. Alimvua koti. Akamlaza. Akamwekea vitambaa vilivyoloa maji shingoni, makwapani na kwenye kinena. Hakumnywesha maji, maana fahamu zake hazikuwa sawa na angepaliwa.

Hospitalini nesi mmoja mtu mzima alikaa naye kwenye kiti cha plastiki.

"Mzee hasikii kiu kama sisi," nesi alisema. "Na jasho lake ni kidogo. Akiwa anameza kidonge cha kupunguza maji, anakauka upesi. Msimwachishe dawa wenyewe. Ila joto likitangazwa, pigeni simu mumwulize daktari."

"Nilimuuliza kila saa. Alisema yuko sawa."

"Usimuulize, mama. Mwangalie. Mguse ngozi. Mtazame midomo. Mwogeshe maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kwa siku. Mpeleke penye ubaridi angalau saa mbili. Na feni, chumba kikishapita digrii thelathini na tano, haimpozi mtu. Inamkausha."

"Jirani yetu alikuwa na feni," Ghislaine alisema.

Nesi alimwekea mkono begani.

Rolande alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Alirudi, lakini hakurudi mzima. Alitembea kwa kushikilia fremu ya magurudumu. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Karata hazikukaa tena kati ya vidole vyake. Mlango wa Anselme ulikuwa umebandikwa tangazo la kuuzwa.

Mwezi wa Septemba alikuja fundi mwenye leseni. Aliitwa Wilner Desrosiers, mtu wa Haiti aliyekaa mjini miaka thelathini. Alivua viatu mlangoni. Kabla ya yote alipima vyumba, akahesabu madirisha, akatazama dari. Kisha aliliona tambara.

"Nani alitoboa hapa?"

"Shemeji," Ghislaine alisema.

"Ah! Shemeji. Mtu mashuhuri sana. Namkuta kila nyumba."

Kwa mara ya kwanza tangu Julai, Ghislaine alicheka. Akanyamaza ghafla, kama aliyeiba.

Wilner aliyafunua maboksi. "Mama, hili sitalifunga. Bomba la shaba limekunjwa, na gesi yote imetoka. Tena ni kubwa mno kwa vyumba vyenu."

"Kubwa si ndiyo bora?"

"Hapana. Likiwa kubwa mno, linapoza upesi, linajizima kabla ya kukausha unyevu. Mnakaa kwenye baridi yenye maji, kama kisimani."

"Basi tuagize jingine, uje kesho."

"Kesho siji. Na Jumamosi siji. Nikija bila barua ya kamati, mimi nitakuwa shemeji wa pili." Alitoa karatasi. "Nitakuchorea. Boksi la nje litakaa wapi. Linatoa sauti kiasi gani. Maji yatapita wapi. Tundu lipi litatobolewa, na litazibwaje. Wape wasome. Watu hukataa kitu wasichokiona."

Mkutano ulifanyika jikoni kwa Goyette. Walikuja watu watano wa fleti tano. Kiti kimoja kilibaki, na hakuna aliyekisogeza. Ghislaine alisoma karatasi ya Wilner neno kwa neno. Alipomaliza, mama mmoja wa ghorofa ya kwanza alisema, "Haya maboksi yataharibu sura ya jengo. Tulikwisha sema."

Goyette alikuwa anatazama dari yake. Doa lilikuwa limepakwa rangi, lakini bado lilionekana.

"Siku Anselme alipofariki nilikuwa ufukweni," alisema. "Nilikuwa nakula kamba. Simu ikalia. Mwaka juzi Anselme aliniuliza kama anaweza kuweka mashine. Nilimwambia sheria hairuhusu. Akasema, 'Sawa, Bwana Mwenyekiti, hakuna neno.' Hakuuliza tena."

Mama wa ghorofa ya kwanza aliinua mkono wake kabla hata kura haijaitishwa. Walikubaliana wote, wakaandika masharti. Boksi la nje lisikazwe kwenye matofali. Lisimame sakafuni mwa roshani, juu ya miguu mirefu yenye mpira. Maji yaende kwenye bomba la jengo. Fundi awe na leseni na bima. Na jambo la mwisho aliliongeza Goyette mwenyewe: likizo ya wajenzi, kila anayebaki jengoni awe na orodha ya wazee na ufunguo wa akiba.

Wilner alikuja mwisho wa Oktoba, mafundi wote wakiwa hawana haraka. Alikuja na fundi umeme, akawawekea waya wao peke yake na swichi yake peke yake. Aliziba tundu la Réal kwa saruji. La kwake alilitoboa likiinama nje kidogo. Ghislaine alisimama nyuma yake na miwani puani.

"Mbona hujafungulia gesi?"

"Kwanza nanyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba. Nusu saa nzima. Fundi asiyefanya hivi, mfukuze."

"Na miguu mirefu hivi?"

"Theluji, mama. Boksi likifunikwa haliwezi kupumua."

Kisha alimwaga maji jagi zima kwenye boksi la ndani, akashuka mbio kwa Goyette, wakasimama wawili wakitazama dari. Halikudondoka hata tone. Aliwafundisha kufungua kifuniko na kuosha chujio kwa maji ya bomba, kila mwezi. Baridi ilipofika, pampu ilipasha nyumba vizuri. Usiku wa baridi kali kabisa, vile vipasha joto vya zamani vilisaidia.

Mwaka uliofuata joto liliwahi, mwezi wa Juni. Asubuhi ilikuwa ya ubaridi bado Ghislaine alipokwenda sokoni kununua stroberi za kwanza. Alimwekea dada yake rimoti mapajani. "Likizidi, bonyeza hapa."

Sokoni alikutana na watu, akakawia. Aliporudi saa saba, ngazi zilimpumulia joto usoni. Alifungua mlango.

Rolande alikuwa amekaa chini ya mashine. Uso ulikuwa mwekundu. Nywele zilikuwa zimegandamana kwenye paji. Rimoti ilikuwa mapajani, pale pale. Namba yake ndogo ilisoma thelathini na moja.

"Dada! Mbona hujawasha?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Kwani umeme ni mimi?"

"Sikutaka usumbufu. Dirisha liko wazi."

Ghislaine alimgusa shingo. Ilikuwa na jasho, na hiyo ilikuwa afadhali. Akamletea maji, akamsimamia mpaka akayamaliza. Akamfunga kitambaa kilicholoa shingoni. Kisha alinyoosha mkono kuchukua rimoti.

Mkono wake ukasimama. Nikiwasha mimi leo, alifikiri, nisipokuwepo atawasha nani?

Alivuta kiti, akakaa mbele ya dada yake. Mfuko wa stroberi ulikuwa bado unaning'inia kwenye kiwiko chake.

"Dada, u mzima?"

"Mzima."

"Bwana Anselme naye alisema mzima. Nilikuwa na barafu mkononi kama hivi. Nikaondoka. Leo siondoki. Niambie unataka nini."

"Upendavyo..."

"Hapana. Mimi sipendi kitu. Wewe."

Rolande alitazama upande wa mlango wa Anselme, ambao nyuma yake sasa walikaa watu wengine.

"Nina joto," alisema, polepole sana.

"Sema tena."

"Nina joto, Ghislaine." Machozi yalimtoka, na maneno yakafuata. "Nilikuwa na joto mwaka jana tangu Jumamosi. Nilitaka unipeleke maktaba, ngazi zote zile. Nilitaka uniitie gari Jumatatu. Sikumtaka Réal na nyundo yake. Na Anselme nilimsikia kupitia mlango anakohoa, nikataka kusema, nikaogopa kukuongezea kazi."

Ghislaine alimshika goti.

Kidole gumba cha Rolande kilitafuta kitufe. Kilitetemeka, kikakikosa mara mbili. Mara ya tatu kikapata. Mdomo wa mashine ulifunguka taratibu, na hewa ya kwanza ikamshukia usoni. Alifumba macho.

"Na chai," alisema akiwa bado amefumba. "Chai ya barafu, ya limau, vijiko viwili vya sukari. Si chochote kilichopo."